Betri Zilipokufa Kabla ya Jina

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake. Si ya chuma tupu, si ya dawa. Iko hapo katikati, kama kiganja cha mtoto aliyefumbata sarafu njia nzima ya kutumwa dukani. Juzi mjukuu wangu alitoa betri za rimoti akazipanga dirishani, hapa tunapokaa Kiuu, mtaa wa Ruiru, akisema zikipata jua zitaamka. Nikapita na beseni la nguo, harufu ile ikanigonga puani. Nikakalia ndoo.

"Shosho, uko sawa?"

Nikamwambia niko sawa, ni joto tu. Nilimdanganya. Nilikuwa nimerudi kambini, niko mdogo, nimejifunika blanketi gubigubi, nangoja kuchukuliwa.

Mtaniwia radhi nikizunguka. Kusoma kwangu kuliishia darasa la tatu, na mtu wa darasa la tatu hasimulii kwa kunyooka kama reli. Husimulia kama ng'ombe anavyorudi nyumbani jioni, anakula huku, anasimama kule, lakini zizini hufika.

Kambi yetu ilikuwa ndani ya shamba la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Ukipita leo huwezi kuijua. Kahawa iling'olewa, zikaja nyumba za mawe zenye geti na askari, na watu wanaokaa humo hununua kahawa kwa kopo dukani. Wakati ule ilikuwa mistari ya nyumba za udongo, chumba kimoja kila nyumba, paa la mabati. Baba na mama walikuwa wametoka Magharibi, upande wa Bungoma, wakaja kuchuma kahawa wakisema ni kwa msimu mmoja. Unajua vile msimu mmoja huwa. Mimi nilizaliwa hapo, na mdogo wangu Wafula akazaliwa hapo, na mama bado alikuwa akisema, "Tukimaliza hii, tunarudi nyumbani."

Redio ilikuwa moja kwa mstari mzima. Ilikuwa ya Mzee Kimani, nyapara wetu, na mkewe Nyambura alikuwa ameifumia kitambaa cheupe cha uzi, kama bibi arusi. Jioni ikitolewa na kuwekwa juu ya kigoda mlangoni, kila mtu alikuja na kiti chake. Aliyekuja mikono mitupu alisimama. Kwanza taarifa ya habari, ambayo wanaume waliisikiliza wakitikisa vichwa kana kwamba serikali iliwauliza. Halafu mazungumzo. Mzungumzaji alikuwa na jina lake, lakini sisi hatukulishika. Tulimwita Bwana Jioni. Leo anaeleza mambo ya bunge, kesho mila za watu wa mbali wanaozika maiti imeketi, keshokutwa anaeleza kwa nini kitunguu humliza mtu. Sauti yake ilikuwa nzito na ya upole, kama uji wa wimbi.

Alikuwa na mtindo wake wa kumshika msikilizaji. Siku moja akasema, "Wewe hapo, mama uliyeshika mwiko, hebu niazime sikio." Mama yangu, ambaye kweli alikuwa ameshika mwiko, akaitika, "Naam, baba!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee Kimani alilazimika kuwatisha kwamba atazima. Mimi sikucheka. Mimi nilijua ametuona. Tangu siku hiyo nilisikiliza nikiwa nyuma ya debe la maji, na akianza kusema "wewe hapo", niliinama.

Ninawaambia haya ili mjue kwamba mambo ya Bwana Jioni tuliyapokea kama ya mtu aliye karibu. Hakuwa sanduku. Alikuwa jirani asiyekuja kuomba chumvi.

Sasa, hizo betri. Hazikununuliwa ovyo. Zikichoka, zilianikwa juu ya mabati, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuzianika na kuzilinda, maana kunguru hupenda kitu king'aacho. Jua likishindwa, ziliwekwa kando ya moto. Moto ukishindwa, Mzee Kimani aliziuma kwa magego mpaka zikapata vishimo, na mara nyingi ziliamka kwa dakika kidogo, kama mgonjwa anayeketi kunywa chai halafu anarudi kulala.

Lakini Julai kule kwetu haina jua. Wanaokaa Thika wanajua, na wa Ruiru pia. Ukungu unashuka asubuhi unakaa mpaka saa sita, na ukiondoka unaacha wingu zito. Betri zilikaa juu ya mabati siku nyingi zikipata baridi kama sisi.

Jioni ninayoisema, sauti ya Bwana Jioni ilikuja imekonda. Watu walisogea karibu. Hata mimi nilitoka nyuma ya debe.

"Leo, wapenzi wasikilizaji," akasema, "nataka kuwaonya juu ya muuaji. Muuaji huyu hana miguu wala mikono. Humsikii akiingia. Humwoni. Hana hata harufu. Anapenda sana majira haya ya baridi. Jamaa wamekula, wamefunga mlango, wamelala, baba, mama na watoto. Asubuhi jirani anapiga hodi, hakuna wa kuitikia." Hapo akanyamaza kidogo, kwa mtindo wake, na moyo wangu ukanyamaza naye. "Na muuaji huyu, ndugu zangu, jina lake ni..."

Ikatoka sauti kama mtu anayekohoa ndani ya mtungi. Kisha kimya.

Mzee Kimani alizitoa betri akaziuma. Akazisugua kwa suruali. Akazipakata kwapani kama mayai. Akazirudisha, akapiga redio kofi. Hakuna.

"Amesema anaitwa nani?" Nyambura akauliza.

"Hajasema."

"Si amesema jina lake ni?"

"Ni, halafu akakufa."

"Ni nyoka huyo," mtu mmoja akasema. "Hana miguu."

"Wee! Nyoka ana harufu. Nyoka ananuka kama viazi vilivyochemshwa. Yeye amesema hana harufu."

Baba akakohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema alisema kwa Kiswahili cha kwetu, kizito. "Kule nyumbani kuna watu hukimbia gizani bila nguo, wakirusha mawe kwa mabati. Lakini hao wana miguu. Miguu ndiyo kazi yao."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Nyambura hakucheka kabisa. "Nyinyi chekeni tu," akasema. "Amesema jamaa nzima. Amesema na watoto. Na amesema mlango umefungwa."

Mzee Kimani akawaza, na kwa kuwa alikuwa nyapara, kuwaza kwake kulikuwa amri. "Kitu hakina miguu. Mlango umefungwa. Kinapita wapi?" Akatazama nyumba zetu, ule ufa mkubwa kati ya ukuta na mabati ambao kila nyumba ilikuwa nao. "Kinapita kwa mashimo."

Kesho yake kambi nzima iliziba. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi hivyo bila kusimamiwa. Magunia ya kahawa yaliraruliwa, matambara yakatolewa chini ya vitanda, watoto tukatumwa kuleta udongo mwekundu, tukaukanyaga na maji mpaka miguu ikafa ganzi. Baba alikuwa fundi. Alizunguka nyumba yetu kwa ndani na nje, akitia udongo kwa kidole mahali ambapo hata sisimizi angeomba ruhusa. Chini ya mlango akapanga gunia lililokunjwa. Dirisha letu, ambalo lilikuwa ubao mdogo tu, akalipigilia misumari. Nilimshikia misumari, na kila alipopiga moja nilihisi nimeongezewa maisha.

Mama ndiye aliyesema habari ya jiko. Au ni baba, sikumbuki vizuri, na baadaye mtaona kwa nini wote wawili hawakutaka kukumbuka. Jiko letu lilikuwa la bati, la makaa, na siku zote tulipikia nje, chini ya upenu. Lakini kwao Magharibi na kwa akina Nyambura pia, watu walikuwa na neno moja kwamba kitu kibaya huogopa moto. Basi jioni ile mama alipomaliza kusonga ugali, baba alilibeba jiko likiwa jekundu, akaliweka katikati ya chumba, akafunga mlango, akaegemeza gogo.

"Sasa aje," akasema.

Joto lilikuwa tamu. Naomba mnielewe hapo, sitaki kulisingizia. Julai nzima tulikuwa tunalala tumekunjamana kama maharagwe ndani ya ganda, na jioni ile kwa mara ya kwanza vidole vyangu vya miguu vilinyooka. Mama alikuwa kitandani na baba, Wafula kifuani kwake. Mimi nililala chini kwenye gunia langu, karibu na mlango. Kwa nje niliwasikia watu wa mstari wa pili bado wanakula, wanagongana masufuria. Nikajiambia, hata akija, ataanza na hao.

Baadaye kidogo kichwa kikaanza kuniuma. Kilikuwa kikipwita kama mtu anatwanga ndani. Mdomo ukakauka. Nikadhani ni woga, kwa sababu nilikuwa nimeujua woga tangu zamani na ulikuwa na tabia ya kuniumiza kichwa. Nikamwita mama. Hakujibu. Nikamwita baba. Alikuwa akipumua kwa sauti ya ajabu, ndefu, kama msumeno unaokwama katika mti mbichi.

Na mkojo ukanibana.

Mtacheka, lakini nitawaambia hali yangu. Kambini mtoto aliyekojoa kitandani alitembezwa asubuhi na gunia lake kichwani, likiwa limelowa, watoto wengine nyuma wakiimba. Mimi nilishawahi kuimba nyuma ya wenzangu, na nilijua maneno yote. Kwa hiyo ndani palikuwa na gunia, na nje palikuwa na muuaji. Nikapima. Nawaambia kweli nilipima, na nikaona kufa ni afadhali. Anayekufa haimbiwi wimbo ule.

Nikasimama, miguu ikakataa. Nikatambaa. Nikavuta gogo, lilikuwa zito kuliko nilivyolijua. Nikavuta gunia la chini. Nikasukuma mlango, baridi ikanipiga usoni kama maji ya mferejini, na nikaanguka palepale kizingitini, nusu ndani nusu nje, nikatapika ugali wote. Mkojo wenyewe ulijitokea hapo hapo, baada ya taabu yote hiyo.

Nyambura ndiye aliyeniona. Alikuwa anatoka kumwaga maji. Ukunga wake bado naujua: "Ũũũi! Ameingia! Ameingia kwa Baba Nasimiyu!" Nasimiyu ni mimi. Watu wakaja wakikimbia na vijiko mikononi. Wakamburuta mama. Wakamburuta baba, mtu mzito, viatu vyake vikabaki ndani. Wafula akatolewa mwisho, na alikuwa ananing'inia kama kitambaa kilichofuliwa. Nyambura alimgeuza, akampiga mgongoni, akampulizia usoni, akamwita jina lake na majina mengine ambayo si yake. Niliona nyayo zake ndogo, weupe wake wa chini umegeuka rangi. Halafu akatoa sauti. Haikuwa kilio, ilikuwa kama paka. Halafu ikawa kilio, na mstari mzima ukaanza kulia naye, hata wanaume.

Mtu mmoja akasema mtoto apate joto. Nyambura akaingia ndani, akalitoa lile jiko, akaliweka pale nje kwenye majani, wakamsogeza Wafula karibu. Wote tulilizunguka jiko lile tukinyoosha mikono tukitetemeka. Hakuna aliyelishuku. Nani hushuku jiko?

Baba alikuwa amepiga magoti, mate yakimtoka. Akainua kichwa. "Nani alifungua mlango?"

Mlango ulikuwa wazi, gogo limelala kando, na mimi nilikuwa nimelowa.

"Ni mimi, baba. Nilitaka kukojoa."

"Ndiye aliyemfungulia," mtu akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo.

Baba akasimama, akanipiga kofi moja. Lilikuwa kubwa, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado haimtaki, alianguka pamoja nami. Siku nyingine watu wangecheka. Siku hiyo walituinua kila mmoja kwa upande wake.

Basi nikawa hivyo: mtoto aliyemfungulia. Watoto wenzangu hawakunipiga wala kuniimbia. Walinipisha njia. Mtu asiyewahi kupishwa njia hajui inavyotisha. Nilienda mferejini, foleni ikapasuka katikati. Usiku na mchana niliwaza jambo moja tu. Yule kitu alikuwa ameingia, ameona nyumba yetu ndani, ameona tulivyopanga vitanda, na ameondoka bila mtu. Mwenye njaa akiondoka bila kula, hurudi. Na akirudi ataanza na anayemjua, yule aliyemfungulia mlango.

Jumamosi Mzee Kimani alienda Thika akarudi na betri mpya. Jumamosi Bwana Jioni alikuwa na kawaida ya kurudia kwa ufupi mambo ya wiki nzima, kwa wale waliokosa. Kambi yote ilikuja mapema. Nami nikaja, nikajificha nyuma ya debe, nikitaka kumjua kwa jina. Mzee Kimani akatufukuza. "Watoto wote, mferejini! Nendeni mkachote maji!"

"Madebe yamejaa, guka," mmoja akasema, maana Kimani tulimwita babu kwa Kikuyu.

"Yamwageni mchote mengine!"

Tulichota. Tuliporudi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha na redio imezimwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, maana baadaye huwa kuna muziki. Watu wazima walikuwa wameketi kimya. Nyambura alikuwa ameshika shavu. Mama alikuwa amemkumbatia Wafula, ananusa kichwa chake. Baba alikuwa amesimama peke yake. Akanitazama, mimi na debe langu, na uso wake ulikuwa wa majivu. Kisha akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyetazama jua.

Nikajua ametajwa jina, na jina hilo ni baya kuliko tulivyofikiri. Nikajua na mimi nimetajwa.

Kwa sababu tangu jioni hiyo mambo yaligeuka. Majiko yalisogezwa mbali na nyumba, yote, mstari mzima. Magunia yakazibuliwa kwenye nyufa. Hakuna aliyetueleza watoto kitu. Watu walifanya tu, bila kutazamana. Mimi niliona nini? Niliona wameacha kupigana naye. Niliona wamekubaliana naye. Na ukikubaliana na mwenye njaa, lazima kuna mtu mliyemwahidi.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, baba alichukua panga akatoboa ukuta. Ukuta wetu, ule aliouziba kwa kidole. Alitoboa juu, karibu na mabati, shimo la ukubwa wa sahani. Akalilainisha kingo kwa mkono. Halafu akachukua gunia langu la kulalia kutoka karibu na mlango, akalitandika chini ya shimo lile hasa. Akanipa na blanketi lao zuri, lile la mistari, wao wakabaki na kuukuu.

"Utakuwa unalala hapa," akasema. "Hapa ndipo pazuri."

Usiku nilipolala nilitazama juu, nikaona kipande cha mbingu cheusi. Ilikuwa njia, na mimi nimewekwa mwisho wa njia.

Halafu akaanza wema. Baba hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na mikono ya kupapasa watoto. Sasa akitoka Ruiru alikuja na andazi ndani ya karatasi, langu peke yangu. Nilikula nikiitazama mikono yake. Nilishaona mbuzi wa Krismasi anavyolishwa. Na tena akaacha kuniita Nasimiyu, akaanza kuniita mayi. Mayi kwetu ni mama. Mimi nilikuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, na baba wa kwetu akimpenda binti yake humwita hivyo. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba nyanya yangu alikuwa amekufa, amezikwa chini ya mgomba kule Bungoma, na baba ananiita kwa jina la aliye chini ya mgomba.

"Mayi, umekula?"

Nikawa nasema nimekula hata kama sijala, ili tu aache kuniita.

Woga ukizidi humpa mtu ujanja. Kila jioni kabla ya kulala nilisimama juu ya debe nikaliziba shimo kwa sweta langu. Kila nilipoamka, sweta lilikuwa limekunjwa vizuri kando ya kichwa changu, na shimo liko wazi. Baba hakunigombeza. Kesho yake niliziba kwa gunia, nikalikuta limekunjwa. Nikaziba kwa majani ya mgomba, kwa udongo, kwa kitabu changu cha darasa la tatu. Yeye akazibua. Mimi nikawa nalala nimejifunika kichwa chote, napumua pumzi yangu mwenyewe, nikisikia upepo ukipita juu ya blanketi kama mtu anayepapasa akitafuta mahali pa kushika. Tuliendelea hivyo mpaka baridi ikaisha na kahawa ikatoa maua meupe, ambayo nasikia watu husema yana harufu nzuri. Mimi mwaka ule sikuyanusa.

Hakuna aliyekuja kunichukua. Lakini mtoto hasemi, "Hakuja, basi hayupo." Mtoto husema, "Bado."

Nilitoka kambini nikaenda kuwa yaya Thika, nikaolewa, nikaachika, nikarudi Ruiru, nikapanga chumba hapa Kiuu na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Popote nilipolala nilifunga madirisha. Ikafika Julai. Nikaingiza jiko ndani, nikafunga mlango. Mama mmoja jirani, mwenye mdomo mkali, akapiga mlango mpaka bawaba zikalia.

"Wewe mama wa huyu mtoto! Unataka tukuzike? Toa hiyo jiko nje!"

"Kwani imekukosea nini?"

"Hujui moshi ya makaa inaua? Hata haionekani! Hata hainuki! Watu hulala na hawaamki! Kwani wewe huskizangi redio?"

Nilibaki nimeshika mlango. Haionekani. Hainuki. Watu hulala na hawaamki. Alikuwa anayasema yale maneno kwa sauti yake mbaya, na mimi niliyasikia kwa sauti nzito ya upole, na safari hii hayakukatika.

Wiki hiyo hiyo nikaenda Ngoingwa, upande wa Thika, kwa ndugu yangu Wafula, yule aliyekuwa kitambaa kilichofuliwa. Amejenga huko, ana tumbo na ana mbwa. Mama alikuwa anakaa naye. Baba tulikuwa tumeshamzika kwao. Nilimkuta mama uani anapukuchua maharagwe, nikavuta kigoda, nikapukuchua naye. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia mwisho.

"Mama, ile jioni ya kambini. Ilikuwa jiko."

Hakushtuka. Alimaliza ganda alilokuwa nalo. "Ndiyo. Ilikuwa jiko."

"Ulijua lini?"

"Jumamosi ile. Yule mtu wa redio alirudia. Akasema mtu akisikia kichwa kinamuuma, afungue mlango upesi, ndiyo dawa."

Maharagwe yalikuwa yakidondoka kwenye beseni, yangu na yake. "Na mkaniacha," nikasema. "Mkaniacha niamini ni mimi."

"Baba yako alikuwa amekupiga mbele ya watu, mayi. Umetutoa kaburini, na yeye anakupiga kofi. Sasa angeanzia wapi? Sisi hatukulelewa hivyo. Mzazi hakuwa akimwambia mtoto, nimekukosea. Hayo maneno hayakuwa kwa mdomo wake. Alimwomba Kimani watu wasiseme mbele ya watoto, mpaka apate namna ya kukwambia mwenyewe."

"Na hakuniambia."

"Alikwambia. Si alikutobolea ukuta?"

Nikaacha kupukuchua.

"Alisema wewe ndiwe utalala penye hewa, kabla ya mtu mwingine yeyote kwa hiyo nyumba. Halafu wewe ukaziba." Mama akatikisa kichwa, na hata baada ya miaka hiyo yote niliona jambo hilo bado linamshangaza. "Kila siku unaziba. Aliniuliza, huyu mtoto mbona anakataa? Nikamwambia ni baridi, muache. Akasema hapana, si baridi. Ameshajua. Ameshasikia kwa watu kwamba ni mimi nililiingiza jiko, na amekataa kunisamehe. Baba yako alikuogopa, mayi. Alikuwa akirudi kazini anasimama kwanza kwa mlango, ndiyo aingie."

Nilichukua ganda lingine, nikalipasua, nikaona maharagwe yamepangana humo ndani, hayatazamani. Mimi nilikuwa naziba nikiomba nisife. Yeye alikuwa anazibua akiomba asamehewe. Na kila asubuhi, kabla ya kengele ya kazi, tulisalimiana kwa adabu juu ya lile sweta lililokunjwa. "Umeamkaje, mayi?" "Nimeamka salama, baba." Halafu kila mmoja akaenda zake haraka, akimshukuru Mungu kwamba mwenzake hajasema kitu.